Kupakia gari la chini kwenye trela na kulifikisha Tabora bila kulichubua

Gari la kwanza la chini nililosaidia kulipakia lilikuwa Toyota Celica ya rafiki yangu wa Isevya, hapa Tabora mjini. Trela lilikuwa zuri, rampu zake, yaani zile njia za chuma za kupandishia, zilikuwa na urefu wa mita mbili, wasaidizi tulikuwa sita na kila mmoja alikuwa na la kusema. Tairi la mbele halijapanda hata robo ya rampu, bampa likagota kwenye chuma na kupasuka katikati. Mwenye gari alisimama kimya, kipande kiko mkononi. Alikuwa amedunduliza miaka mingi kulipata gari lile.

Tangu siku hiyo nimepandisha na kushusha magari ya spoti mara nyingi, mengi yakitoka Dar es Salaam. Kupandisha kwenyewe huchukua dakika chache. Maandalizi ndiyo humeza asubuhi nzima, na ukiyaruka, gari linaumia likiwa bado uani kwako, hata barabara halijaiona.

Wapo wanaouliza kwa nini lisiendeshwe tu. Lami ipo: Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, hadi Tabora, zaidi ya kilomita 800. Lakini matuta yapo karibu kila kijiji, na penye matengenezo unachepushwa kwenye changarawe. Gari lenye nafasi ya sentimita 12 chini ya tumbo litafika, ila sampu ya oili, lile bakuli lililo chini ya injini, na bomba la moshi vitakuwa vimeshakula mawe ya kutosha.

Pima kwanza, kabla hujakodi trela

Chukua futi kamba. Simamisha gari mahali tambarare, upepo wa matairi ukiwa kamili, kisha pima vitu vitatu.

Cha kwanza ni umbali kutoka pale tairi la mbele linapogusa ardhi hadi ncha ya bampa. Cha pili ni kimo cha sehemu ya chini kabisa ya bampa hilo. Tuseme umepata sentimita 90 kwenda mbele na sentimita 15 kwenda juu. Gawa 90 kwa 15 upate 6. Maana yake gari lako linavumilia mwinuko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 6 za kwenda mbele, basi. Sasa pima kimo cha sakafu ya trela upande wa nyuma. Kama ni sentimita 60, zidisha kwa 6: unahitaji rampu ya sentimita 360. Ongeza kama nusu mita ya usalama, kwa sababu springi hubonyea. Hapo umepita kidogo mita nne. Rampu za mita mbili za yule rafiki yangu hazikuwa na uwezo wowote wa kulipandisha gari lake, na hesabu hii ya dakika mbili ingetuambia.

Cha tatu watu wengi hukisahau: tumbo. Magurudumu ya mbele yakishafika juu ya trela huku ya nyuma yakiwa bado kwenye rampu, ile kona ya pale rampu inapokutana na sakafu huja kugusa katikati ya gari. Pima umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma. Kama ni sentimita 250, gawa kwa 4, kisha gawa tena kwa ile 6 ya mwinuko. Unapata kama sentimita 10 na nusu. Tumbo la gari lazima liwe juu zaidi ya hapo. Ukiwa na sentimita 12 unapita, lakini kwa upana wa kidole tu. Ukiwa na 10, unakwaruza. Dawa yake ni kurefusha rampu zaidi, au kuweka mbao juu ya sakafu ya trela mara baada ya ile kona, ili matairi yainuliwe kidogo na pembe ilainike.

Trela na gari la kuvuta

Gari la spoti la ukubwa wa Toyota 86 lina kama kilo 1,250. Trela la chuma la kubebea gari huweza kuwa na kilo 600 au 700. Kwa hiyo unavuta karibu tani mbili, na hiyo si kazi ya trela la ekseli moja lililochomelewa kwa ajili ya kubebea mahindi. Tafuta lenye ekseli mbili na breki zake lenyewe. Trela lisilo na breki lisibebe gari, hata kwa safari ya hapa hapa mjini, kutoka Cheyo hadi Ipuli. Soma kitabu cha gari linalovuta, kwa sababu Hilux zote hazifanani na kila toleo lina kiwango chake cha kuvuta.

Bola ya kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya gari la kuvuta, iangalie kwa macho yako. Zipo za milimita 50 na zipo za inchi mbili, yaani milimita 50.8. Kwa kutazama zinafanana kabisa, lakini kichwa cha trela kilichotengenezwa kwa inchi mbili kikikaa juu ya bola ya milimita 50, kinacheza, na kwenye tuta kali kinaweza kuchomoka. Ukishafunga, nyanyua mkono wa trela kwa jeki mpaka nyuma ya gari la kuvuta iinuke kidogo. Ikiinuka bila kuachia, kichwa kimeshika. Kisha weka pini, na minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono wa trela, ili mkono ukichomoka uangukie juu ya minyororo na usichimbe lami.

Matairi ya trela ndiyo yanayolaza watu porini. Trela hukaa mwaka mzima juani, tairi linabaki na kashata, yaani meno, nzuri lakini ubavuni limechanika nyufa. Kagua ubavu. Jaza upepo matairi yakiwa ya baridi. Hakikisha tairi la akiba ni la trela lenyewe, lenye matundu ya nati yanayolingana, na kwamba jeki uliyo nayo inaweza kuinua trela likiwa limebeba. Beringi zitiwe grisi upya kabla ya safari ndefu. Taa za breki, indiketa na viakisi mwanga ni lazima.

Uwanja wa kupakilia

Mchanga wa Tabora tunaujua. Kiangazi unamwagika, na masika unameza jeki. Usipakie juu ya mchanga mtupu. Tafuta uwanja wa gereji wenye saruji, kituo cha mafuta kitakachokuruhusu, au barabara ya pembeni isiyo na pilikapilika.

Njia rahisi kuliko zote ya kupunguza mwinuko ni kuiachia ardhi ifanye kazi. Ukipata kingo ambayo juu ni tambarare na chini ni tambarare, tuseme yenye kimo cha nusu mita, rudisha trela mpaka mkia wake uelekee kingo hiyo, gari likiwa juu. Sakafu ya sentimita 60 inabaki na sentimita 10 tu za kupanda. Huku kwetu hata kichuguu kikubwa kilichochongwa upande mmoja na kushindiliwa vizuri kimewahi kutufaa, ila kishindiliwe kweli, maana ndani vichuguu vina mashimo. Sharti ni moja: sehemu ya juu iwe tambarare. Ikiwa inateremkia kwenye trela, gari litajiendea lenyewe na winchi, ile mashine ya kuvuta kwa waya, haiwezi kulizuia lisikimbilie mbele.

Usipopata kingo, rudisha magurudumu ya nyuma ya gari la kuvuta juu ya mbao za sentimita 15. Mkono wa trela utainuka na mkia utashuka, kwa matrela mengi kama sentimita saba. Kwa hesabu yetu ya mara 6, umeokoa zaidi ya sentimita 40 za rampu.

Baada ya hapo unarefusha rampu kwa mbao. Chukua za inchi mbili kwa kumi, zisizo na fundo kubwa wala ufa. Mninga ukiupata, chukua. Lakini mbao ndefu isiyo na kitu chini yake hupinda na kuvunjika, kwani kila tairi la mbele linaweza kubeba kilo 350 na zaidi. Iwekee egemeo kila baada ya mita moja, la vipande vya mbao nzito vilivyopangwa kwa kupishana. Usitumie tofali za saruji zenye matundu. Hazitoi dalili yoyote. Zinapasuka ghafla, na gari linadondoka. Zile rampu na mbao zifungwe kwenye trela kwa mnyororo au mkanda, kwa sababu magurudumu yanapoanza kupanda huweza kuzisogeza.

Sasa jambo ambalo nakuomba usilipuuze. Gari linapokuwa limepanda nusu, uzito wote uko kwenye mkia wa trela. Mkia unashuka, mkono wa mbele unainuka, na unainua nyuma ya gari la kuvuta. Handbreki ya magari mengi hukamata magurudumu ya nyuma. Yakiwa hewani, au yamepungukiwa uzito, msafara wote unaanza kutembea wenyewe. Kwa hiyo: trela liwe limeungwa na gari la kuvuta, kabari ngumu ziwe mbele na nyuma ya magurudumu ya trela na ya gari la kuvuta, na chini ya mkia wa trela uweke vigingi vya kuegemeza pande zote mbili, vikiwa juu ya kipande cha ubao ili visizame.

Kupandisha

Tumia winchi. Najua vijana wanapenda kulipandisha kwa injini, na gari lenye klachi nzito na nguvu nyingi huruka mbele ghafla. Winchi inakwenda taratibu, na inasimama unapotaka.

Magari mengi ya spoti yana kikonyo cha kuvutia kinachosokotwa mbele, nyuma ya kifuniko kidogo kwenye bampa. Chenyewe kimehifadhiwa kwenye buti pamoja na jeki. Kisokote mpaka mwisho. Kivutie kwa waya ulionyooka, usiokwenda upogo. Tandika koti zito au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya waya, ili ukikatika usipige mtu, na hakuna anayesimama kwenye mstari wa waya.

Ndani ya gari weka gia huru, fungua usukani kwa ufunguo, shusha kioo cha upande wa dereva. Mtu mmoja awe kwenye winchi, mmoja ashike usukani kwa kusimama pembeni au kukaa ndani, na mmoja atembee pembeni akisogeza kabari nyuma ya gurudumu kila gari linaposogea. Mtu wa nne, kama yupo, achuchumae na kutazama chini ya bampa na tumbo, na ndiye mwenye amri ya kusema simama. Wengine wakae kando.

Mara ya mwisho nilipopakia, kijana mmoja alikwenda nyuma ya gari na kuweka mikono kwenye buti.

“Mwanangu, toka hapo nyuma.”

“Lakini mzee, nasaidia kusukuma kidogo tu.”

“Toka kwanza, tutaongea baadaye.”

Alitoka. Waya haukukatika siku hiyo, namshukuru Mungu, lakini gari la tani moja na robo likirudi nyuma kwenye rampu hakuna mikono ya kulizuia.

Kabla ya yote haya fungua mlango wa dereva ukijiuliza: ukiwa juu ya trela, mlango utafunguka? Milango ya magari haya ni mirefu na hukaa chini, hivyo hugonga madigadi ya trela. Kama haifunguki, yule wa usukani atatokea dirishani, au madigadi yavuliwe kabla.

Mzigo ukae wapi

Hii ni nchi ya wapagazi. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, hapa Tabora, hadi Bagamoyo katika karne ya 19, na hakuna Mnyamwezi wa kuambiwa kwamba mzigo uliokaa vibaya begani huua safari. Kwa trela, kati ya asilimia 7 na 10 ya uzito wote iegemee kwenye bola, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa kwenye bola na kwenye trela. Kwa tani mbili, hiyo ni kilo 140 hadi 200. Ukiwa chini ya hapo, trela hutikisa mkia likishika mwendo. Ukizidisha, pua ya gari la kuvuta inakuwa nyepesi, usukani hauna uzito na taa zinamulika juu ya miti.

Gari lenye injini mbele huingia pua mbele, kisha unalisogeza sentimita kadhaa mpaka uzito ukae. Toyota MR2 ina injini katikati, nyuma ya viti, na Porsche 911 inayo nyuma kabisa, kwa hiyo uzito wao uko nyuma. Hayo utayasogeza mbele zaidi, au uyapandishe kinyumenyume kama trela ni fupi. Pima kimo cha bampa la nyuma la gari la kuvuta kabla na baada ya kupakia. Lisiposhuka kabisa, mzigo uko nyuma mno.

Kufunga

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nionapo mambo ya kutisha zaidi. Kamba za manila, mipira ya tairi ile ya kufungia mizigo kwenye bodaboda, hata waya wa umeme. Mpira hunyumbulika, na gari likianza kucheza unazidi kulipa nafasi ya kucheza. Nunua mikanda minne ya racheti, ile yenye mkono wa kukazia, ya upana wa milimita 50, yenye lebo inayosomeka. Wahandisi wa mizigo huhesabu kwamba ufungaji lazima uhimili kusukumwa mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa pembeni na kwa nyuma. Kwa gari la kilo 1,250, ni sawa na kilo 1,000 zinazotaka kuruka mbele unapokanyaga breki kwa sababu ya ng'ombe.

Funga magurudumu, usifunge bodi. Mkanda upite juu ya tairi, ushike kashata kwa vipande vya mpira vinavyozuia kuteleza, na ncha zake ziende mbele na nyuma ya gurudumu kwenye pete za trela. Ukifunga hivyo, gari linaendelea kupumua juu ya springi zake huku magurudumu yametulia. Ukifunga chesisi, kila shimo linabonyeza springi, mkanda unalegea kwa nukta moja, kisha unakazwa kwa kishindo. Baada ya kilomita 100 racheti zimeshaanza kuachia. Kamwe usipitishe mkanda kwenye mikono ya usukani, mabomba ya breki au nyaya za breki za ABS. Kile kikonyo cha winchi nacho ni cha kuvutia tu, kisiachiwe kazi ya kushikilia gari safari nzima.

Mkanda usiguse rimu wala ukingo mkali wa trela. Kipande cha tairi kuukuu au zulia kinatosha kuweka katikati. Kaza mmoja mmoja, mbele kushoto kisha nyuma kulia, halafu ile miwili iliyobaki. Mkia wa mkanda uufunge, usiachwe ukipigapiga rangi. Mikanda yote ikishakazwa, ndipo uweke gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki, na handbreki. Funga vioo, kunja vioo vya pembeni. Usifunike gari kwa turubai: upepo hulipigapiga, vumbi linaingia chini yake, na rangi inasagwa kama kwa msasa. Badala yake weka madigadi marefu ya mpira nyuma ya gari la kuvuta, ili mawe yasirukie bampa.

Njiani

Beba kadi na bima ya gari la kuvuta, ya trela, na karatasi za gari lililobebwa. Kama si lako, beba barua ya mwenyewe. Msafara wenye uzito wa kilo 3,500 na zaidi unapaswa kuingia mizani, kama ile ya Vigwaza au Nala, na ukiunganisha Land Cruiser, trela na gari umeshavuka hapo.

Simama baada ya kilomita 10 za kwanza. Hilo halina mjadala, maana matairi yamekaa vizuri na mikanda imelegea. Kaza tena. Baadaye simama kila kilomita 100 hivi: gusa mikanda, na gusa kitovu cha kila gurudumu la trela kwa mgongo wa mkono. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, beringi au breki inalia, usiendelee.

Mwendo wangu hauzidi kilomita 70 kwa saa. Kwenye vijiji sheria ni 50, na kwenye matuta nenda gia ya kwanza au ya pili mpaka ekseli zote za trela zimepita. Kwenye kona zunguka kwa upana, kwani trela hukata ndani. Trela likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, usikanyage breki ghafla na usijaribu kulikimbia kwa kuongeza mwendo.

Ukipita njia ya Singida, teremka Sekenke kwa gia ndogo tangu juu, kabla breki hazijapata joto. Ukielekea Kigoma kupitia Urambo na Kaliua, ujue kwamba baada ya Uvinza ardhi inaanza vilima. Usitembee usiku. Matawi yaliyotupwa barabarani yanaonyesha lori bovu liko mbele, na gizani utayaona ukiwa umeshafika, wakati tani mbili nyuma yako bado zinataka kwenda.

Kushusha

Uchovu wa safari ndio unaoharibu hapa. Mwenye gari anasubiri, watoto wanasubiri, simu zimeshatolewa kupiga picha. Kunywa maji kwanza. Rudia uwanja ule ule: kabari, vigingi chini ya mkia, rampu ndefu zenye egemeo. Unganisha winchi na uivute mpaka waya ukaze, ndipo ufungue mikanda, wala usifungue hata mmoja kabla. Toa gia na handbreki, teremsha kwa winchi taratibu, mtu wa kabari akitembea pembeni kama mwanzo.

Gari likishagusa ardhi, chungulia chini uone kama kuna oili inayodondoka, rudisha upepo wa matairi kwenye kipimo, na kaza nati za magurudumu kama yaliwahi kuvuliwa. Mikanda ioshwe mchanga, ikaushwe kivulini na kuhifadhiwa mahali panya hawafiki. Jua la huku huila nyuzi zake kimyakimya, na mkanda uliopauka au uliochanika ukatwe vipande siku hiyo hiyo, mtu mwingine asije akauokota na kuutumia.